Mita Mia Sita na Kumi na Mbili

Gumilar Permana, mita 612.

Hilo ndilo jina lililomsukuma mdogo wangu nje ya shule, na mpaka Jumatatu ile saa nne asubuhi hapakuwa na mtu mtaani Pasirangin aliyewahi kulisikia.

Kwetu mtoto akimaliza darasa la tisa haulizwi kwanza anajua nini. Anaulizwa analala wapi. Hupimwa mstari ulionyooka kutoka mlangoni kwenu hadi lango la sekondari, na aliye karibu ndiye anayeingia. Nafasi ni mia na nane. Mkilingana mita, mwenye umri mkubwa hupita. Orodha iko kwenye simu, inajipanga upya yenyewe kila baada ya dakika chache, na wiki nzima ya usajili akina mama huitazama kama sufuria ya maziwa jikoni: ukigeuka tu, imefurika.

Mimin alikuwa wa mia na nane. Wa mwisho, lakini ndani. Saa nne akawa wa mia na tisa.

Mama alikuwa ameshika mfuniko wa udongo juu ya jiko lake la surabi. Surabi ni kama vitumbua, ila huokwa kwenye vyungu vidogo juu ya moto wa kuni, na Mama huoka mia mbili kila asubuhi. Alisimama na mfuniko hewani mpaka kitumbua kikatoa moshi.

"Ni nani huyu?" akauliza.

"Mtoto wa mtu."

"Ikin, leo si siku ya mzaha."

"Sitanii, Mama. Kila mtu ni mtoto wa mtu. Swali ni mtoto wa nani."

Mimin hakulia. Mimin hulia hata kitunguu kikikatwa na mtu mwingine, lakini siku hiyo macho yalikuwa makavu kama unga. Alininyang'anya simu. Huniita Kang, yaani kaka.

"Kang, sisi tuna mita ngapi?"

"Mia sita na kumi na mbili."

"Na yeye?"

Nikaangalia tena. Nikahisi baridi, na kwetu milimani baridi si habari, tunavaa masweta mpaka msibani. Mia sita na kumi na mbili. Si kumi na moja, si kumi na tatu. Amezaliwa miezi minne kabla ya Mimin.

"Basi analala kwetu," Mimin akasema. "Labda chini ya kitanda chako. Ndiyo maana kunanuka."

Tulicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeteleza. Sote watatu tulijua maana ya mia na tisa. Shule nyingine yenye nafasi iko chini kabisa, mjini, kilomita kumi na nne za mteremko, na ukitaka kuwahi kengele lazima uondoke saa kumi na moja na nusu alfajiri. Lakini saa hiyo ndiyo Mimin huwa anatwanga oncom, mashudu ya karanga yaliyochachushwa, ya kutia juu ya vitumbua na kusaidia moto. Akisoma Pasirangin angefanya kazi hadi saa kumi na mbili na nusu kisha akimbie. Mjini haiwezekani. Mama alikuwa ameshatamka, wiki moja kabla, lile neno ambalo wazazi hulitamka wakiangalia pembeni: "Akikosa, apumzike mwaka mmoja." Mtaani kwetu ninawajua wasichana watatu waliopumzika mwaka mmoja. Mmoja sasa ana watoto wawili na bado anapumzika.

Mimi nafanya kazi kibanda cha fotokopi cha Mang Tatang, mbele ya shule. Nilimjazia Mimin fomu kwa mikono yangu, yake na ya wengine sitini na kitu siku ile ile, foleni ikiwa imefika kwa muuza mipira ya nyama. Kwa hiyo mambo ya ramani nayajua. Nikachapa ramani ya mtaa, nikafunga kalamu kwenye uzi, nikaweka ncha kwenye lango la shule, nikachora duara la mita mia sita na kumi na mbili. Kila nyumba iliyoguswa na mstari ilikuwa mshukiwa.

Duara lilipita makaburini. Nikawaondoa wale, hawana hamu ya shule. Likapita katikati ya bwawa la kuogelea la ile hoteli ya juu. Likapita mashamba ya stroberi, likarukia korongo, likarudi, likagusa paa letu na ukuta wa Pak Juhana.

Pak Juhana ni mjumbe wa mtaa. Yeye ndiye anayeandika barua za kuthibitisha kwamba fulani anaishi hapa. Na mwezi uliopita aliezeka upya, vigae vyekundu vipya kabisa, ingawa wajumbe hawalipwi kitu isipokuwa lawama. Nikajiambia: aha.

Nilimkuta anamwagilia orkidi zake. Nikajifanya napita, nikahesabu hatua kando ya ukuta wake.

"Ikin! Unapima nyumba yangu ununue?"

"Bei yako siiwezi, Pak. Napima jua."

"Jua liko juu. Wewe unapima choo changu."

"Pak Juhana, una mgeni humu ndani? Mpwa, labda? Kijana wa miaka kumi na sita?"

Akaweka ndoo chini polepole. "Umemwona?"

"Namwuliza mwenye nyumba."

"Mgeni ni wewe, na hujakaribishwa." Kisha akasogea, akashusha sauti kama anayeuza simu ya wizi. "Sikia, bwana mdogo. Nami nimeliona hilo jina. Mtaa mzima umeliona. Lakini nyumba yangu ni mia sita na tano, nimeipima mara nne. Mia sita na kumi na mbili ni mlango wa mama yako. Na mama yako ana ndugu wengi mjini. Kabla hujanichungulia, chungulia kwenu."

Nikarudi nyumbani nikihesabu ndugu zetu. Maana mchezo wenyewe tunaujua sote: unampokea mtoto wa ndugu kwenye kadi ya familia mwaka mmoja kabla, kwa karatasi tu, kitanda hakihitajiki. Shangazi ana mtoto. Mama mdogo ana wawili. Na kadi yetu Mama huiweka kwenye kopo la biskuti ambalo halijaona biskuti tangu nizaliwe, na lile kopo haniruhusu kuligusa.

"Mama, naomba nione kadi ya familia."

"Ya nini?"

"Nimesahau tarehe yangu ya kuzaliwa."

Aliniangalia kwa muda. Kisha akashusha kopo kutoka juu ya kabati, akafungua, akanisukumia kadi usoni hadi nikanusa plastiki.

"Hesabu! Mimi, wewe, Mimin. Au unataka nimzae wa nne hapa hapa, uone kwa macho yako?"

"Mama, mimi nilikuwa—"

"Najua ulikuwa nini. Ulikuwa kwa Juhana." Akatazama ukutani kwa mjumbe, akasema kwa sauti ya kuvuka ukuta: "Kikulacho ki nguoni mwako!"

Upande wa pili ndoo ikaanguka.

Kesho yake hata wateja walikuwa hawana maneno. Watu walikuja kununua surabi wakiwa na macho ya maaskari wa forodha. Bi Entin wa nyumba ya bluu, ambaye kwa kawaida husimulia ndoto zake zote kabla ya kulipa, alisema "tano za oncom" akanyamaza. Nilipopita kwake baadaye, viatu vya kiume vilivyokaa mlangoni wiki nzima vilikuwa vimeingizwa ndani. Vya nani? Nani anaficha viatu? Nikaandika kwenye daftari langu: viatu. Jirani mwingine alimwambia mwenzake, nikisikia, kwamba watu wa fotokopi ndio wanaouza mita. Nikaliandika na hilo, kisha nikalifuta.

Jumanne saa nane nikaenda shuleni kwenye dawati la malalamiko. Mwalimu Hendarsih wa kamati ni mwanamke mfupi mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani, na anakusikiliza kana kwamba anasahihisha mtihani wako.

"Unalalamikia nini?"

"Mzimu, Bu. Gumilar Permana. Yuko mita zetu."

Akafungua kompyuta. Akabadilisha miwani. "Hapa alama ya nyumba yake iko juu ya paa lenu. Juu kabisa. Mnaishi naye?"

"Tungekuwa tunaishi naye angekuwa anaosha vyombo."

"Na nakala ya kadi yake ya familia inasema Lebakwaru." Akasogeza uso karibu na kioo. "Hili lilipaswa kuonekana mapema. Nakala ilikuwa na ukungu, ikaidhinishwa mwishoni, haraka haraka."

"Lebakwaru!" Nikapiga meza. "Bu, Lebakwaru ni ng'ambo ya korongo. Kilomita nne! Mtu wa kilomita nne amejibandika kwenye paa letu!"

"Alhamisi saa tatu nitakuja kwenu na fomu. Swali ni moja: Gumilar Permana anaishi katika nyumba hii? Mkisema hapana, alama ni ya uongo, anaondolewa. Mdogo wako anapanda."

Nilitoka pale natembea kama jogoo. Ningelala tu hadi Alhamisi ningekuwa nimeshinda. Lakini sisi watu wa mzaha tuna ugonjwa mmoja: mtu akituchezea, lazima tuuone uso wake.

Jumatano baada ya kazi nikachukua pikipiki. Kutoka kwetu unaiona Lebakwaru vizuri, unaweza kuhesabu kanga zilizoanikwa. Zamani palikuwa na njia ya miguu na daraja la mianzi. Tangu hoteli izungushe ua juu ya njia, Lebakwaru ilihama kilomita nne bila kusogea: unapanda hadi barabara ya lami, unazunguka mabanda ya stroberi, unashuka kwa breki na dua.

Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa na zizi la ng'ombe watatu mbele. Mwanamke alitoka na mundu mkononi. Hakuuweka chini.

"Kama umetoka hotelini, hatuuzi."

"Sikutoka hotelini, Bi."

"Wote husema hivyo. Wa mwisho alisema amekuja kununua maziwa. Alikuwa na kamba ya kupimia mfukoni."

Nami nilikuwa na ule uzi wa kalamu mfukoni. Nikaingiza mkono nikausukuma chini zaidi. Tukasimama tukitazamana, kila mmoja akimhesabia mwenzake vidole. Ndipo kijana akatokea bondeni na mzigo wa majani kichwani, mkubwa kuliko yeye, miguu miwili tu ikionekana chini. Akautupa. Akaniona. Akacheka mpaka masikioni.

"Mama, ni Kang wa fotokopi!"

Mundu ukashuka.

"Kang, umesharekebisha?" akaniuliza. "Ulisema utarekebisha mtandao ukirudi."

"Kurekebisha nini?"

"Alama ya nyumba. Si ulitafuta kwetu ukakuta kijani kitupu, hakuna hata kichochoro? Ukasema, 'Ninyi hampo duniani. Basi njoo ukae kwetu kwa muda, mama yangu anapika vizuri.' Ukabonyeza. Foleni nzima ilicheka!" Akamgeukia mama yake. "Nilikusimulia, Mama, huyu ndiye yule mchekeshaji."

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau. Siku ile nilitania sana, siwezi kukumbuka kila mzaha, hata kuku hakumbuki kila yai. Lakini aliposema "njoo ukae kwetu" niliisikia sauti yangu mwenyewe, na kicheko cha foleni, na Mang Tatang akipaza sauti, "Anayefuata!"

Bado nikatafuta hila usoni mwake. Labda wameipanga hii. Labda mama na mwana wamekaa wiki nzima wakifanya mazoezi. Nikamtazama yeye, nikamtazama mama yake, nikamtazama ng'ombe. Ng'ombe peke yake ndiye aliyeonekana anaficha kitu.

"Na unawezaje kusoma Pasirangin kutoka huku?" nikauliza, kwa ukali kidogo. "Kilomita nne!"

"Kilomita nne za pikipiki, Kang. Mimi sina pikipiki. Nashuka mtoni, napanda upande wa pili kwa mizizi. Dakika ishirini na tano, mvua isiponyesha."

Wakati huo huo kipaza sauti cha shule kikaanza kuita majina ya watu wa kamati, na sauti ilikuwa kubwa utadhani kimefungwa nyuma ya zizi. Nikainua macho. Bendera ya shule ilikuwa pale pale juu, ningeweza kuirushia jiwe. Miaka yote naishi Pasirangin sikuwahi kufikiria Lebakwaru kwa mstari ulionyooka. Nani huifikiria hivyo? Sisi hupima kwa petroli.

Nikatoa simu, nikasimama mlangoni kwao, nikapima.

Mita 388.

Bi Enung, ndilo jina la yule mama, alinipa glasi ya maziwa ya moto yenye tangawizi. Nikayanywa yote. Sikuwaambia kwamba nimemshtaki Gumilar. Sikuwaambia kitu. Nilisema maziwa ni matamu, nikapanda pikipiki.

Nyumbani nilimkuta Mimin anapiga pasi sketi ya kijivu, ile ya sare ya sekondari, aliyoazima kwa binamu yetu. Alikuwa ameipindisha upindo kwa sindano, kwa sababu binamu ni mrefu.

"Umemwona mzimu?" akauliza.

"Nimemwona."

"Yukoje?"

"Ana miguu."

"Ana sura ya muongo?"

Nikasema nimechoka. Akaniangalia, pasi ikiwa juu, kwa yale macho ya Mama ya kopo la biskuti.

Alhamisi saa tatu Mwalimu Hendarsih alifika na miwani yake yote. Ajabu ni kwamba mtaa mzima ulishikwa na njaa saa hiyo hiyo. Bi Entin alikuja kununua surabi mara ya tatu. Pak Juhana alikuja kama mjumbe, na kofia. Mimin alikuwa nyuma ya pazia. Niliuona upindo wa kijivu chini.

Mwalimu akafungua fomu juu ya goti. "Gumilar Permana anaishi katika nyumba hii?"

"Hapana," nikasema.

Akaandika. Neno moja tu, na ni la kweli tupu. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kunishika kwa neno hilo. Pazia likapumua. Mama akafumba macho, midomo ikisema alhamdulillahi bila sauti. Mwalimu akafunga fomu, akahamisha miwani ya kichwani, akainuka. Akilini nikaona mzigo wa majani unatembea kwa miguu miwili. Nikasema, nyamaza Ikin. Kwa mara ya kwanza maishani, nyamaza.

"Bu," nikasema. "Hiyo alama niliiweka mimi."

Mwalimu akaketi tena.

Nikaeleza yote, kijani, mtandao, mzaha. Nikaeleza kwamba mlango wao ni mita 388, na Pak Juhana akitaka anaweza kwenda na kamba yake. Nilieleza nikitazama miguu ya Mwalimu, kwa sababu chini ya pazia sikuthubutu.

"Uko tayari kuandika hayo na kutia saini?" Mwalimu akauliza.

"Ndiyo, Bu."

"Hata kama mdogo wako anabaki mia na tisa?"

Nikatia saini. Ile saini yangu yenye mkia ilitoka bila mkia. Baadaye kidogo tulisikia mlango wa nyuma.

Gumilar akawa wa sitini na moja. Mimin akabaki alipo. Mama hakunipiga, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa mbele ya jiko siku mbili akifunika na kufunua. Siku ya tatu aliniambia, bila kunitazama: "Mchi uko pale. Kuanzia Jumatatu ya kufungua shule unatwanga wewe. Halafu unampeleka mjini wewe. Kila siku. Miaka mitatu."

"Sawa, Mama."

"Na usitanie ukitwanga."

Mtaa nao ulipata la kusema. Jumamosi Bi Enung alituma chupa mbili za maziwa, na chupa hizo zilipita mbele ya kila dirisha. Pak Juhana akanisubiri ukutani.

"Sema ukweli, bwana mdogo. Walikupa nini? Ng'ombe mzima au nusu?"

"Pak, ni maziwa."

"Hakuna mtu anayemtosa mdogo wake kwa maziwa," akasema, na nikaona jicho lake linapanda taratibu kwenye paa letu, kutafuta kigae kipya. Sasa Bi Entin huhesabu chenji yake mara mbili akipewa na mimi. Viatu vya kiume vimerudi mlangoni kwake, na sijui vya nani hadi leo.

Jumatatu ya kwanza ya muhula tulishuka mjini na ukungu mzito, taa ya pikipiki ikionyesha hatua tatu tu mbele. Mikono yangu ilinuka oncom. Mimin alikuwa nyuma, ameshika kiti badala ya kunishika mimi. Tangu Alhamisi ile alikuwa hajanisemesha neno, siku kumi na moja, na mimi nilikuwa nimeshajaribu vichekesho vyote ninavyovijua pamoja na viwili vya kuazima.

Kwenye kona ya nne, mabonde yakiwa hayaonekani, akasogea sikioni kwangu.

"Kang."

"Eee, Neng, mdogo wangu?" Nilifurahi hadi nikakosa gia.

"Siku ile ulijaza fomu ngapi?"

"Sitini na tatu pamoja na yako."

"Toa yangu, toa ya Gumilar."

"Sitini na moja."

Tukamaliza kona nyingine. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayefungua kopo:

"Na hizo uliziangalia tena?"

Nikakaza breki, ingawa mbele yetu hapakuwa na kitu.